Laptopu Iliyokuwa Ikifia Usingizini

Brayo na wenzako mliobaki kwenye benchi la ufundi, siku ile ya kuniaga, mliponivisha shuka na kunilisha keki mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sikujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa niko nyumbani Lanet, hakuna mtu anayegonga kaunta akiniita mama kwa Sheng, "Mathe, hebu niangalilie hii kitu," na mkono uliozoea bisibisi haujui kukaa bure. Basi chukueni. Mkikuta humu jambo mnalolijua tayari, lisomeni hivyo hivyo, maana kujua na kukumbuka si ndugu wa tumbo moja.

Sikuzaliwa fundi. Nilianza kama mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja hapa Nakuru, na siku yangu ya kwanza kazini herufi "a" ya taipureta iligoma. Jaribu kuandika barua ya Kiswahili bila herufi hiyo, halafu uniambie umefika wapi. Wakili akamwita fundi, Mzee Ogola, ambaye alifika watu wakifunga ofisi, akapuliza, akapiga brashi, akagusa kijiti kimoja cha chuma, akaenda zake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama. Herufi ilipogoma tena sikumngoja. Niliifungua mashine mwenyewe kwa tupa ya kucha.

Aligundua alipokuja kwa shughuli nyingine.

"Nani alikuambia ufungue hii?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Na nani alikuambia uifunge vibaya namna hii?"

Akasema kama nina kiherehere kiasi hicho, afadhali nikakipeleke mahali kitakapofaa. Hivyo ndivyo nilivyoingia karakana yake, chumba kilichokuwa nyuma ya duka la mbegu, ambako vumbi la mahindi lilikuwa adui wetu wa kila siku. Alinipa brashi ya manyoya, bisibisi yenye sumaku na trei ya mayai. Kila skrubu unayoitoa inakaa kwenye shimo lake kwa mpangilio, na ya mwisho kutoka ndiyo ya kwanza kurudi. Najua mnaicheka trei yangu. Lakini yuko mmoja wenu, simtaji jina, aliyewahi kufunga laptopu ya kasisi akabakiwa na skrubu, akazitia mfukoni kama peremende. Trei ingemsaidia.

Mzee Ogola hakuwa mtu wa hekima, msije mkamchongea sanamu. Aligombana na wateja, na siku ya ndondi redioni kazi yote ililala. Lakini alikuwa na kanuni moja ambayo sijaona bora kuliko hiyo: mgonjwa aje na nguo zake. Aliipata kwa taipureta ya shule moja ya Dundori. Ilikuwa ikiruka herufi kule shuleni, na ikifika kwetu inaandika vizuri kabisa. Ililetwa, ikarudishwa, ikaletwa tena, mpaka mzee akapandwa na hasira akapanda nayo Dundori. Akakuta meza ya karani imeinama upande wa dirisha, mashine inateleza nayo. Tangu siku hiyo, mtu akileta taipureta alitakiwa alete na utepe wake, karatasi zake na kaboni zake. Mtu mmoja aliambiwa alete meza, na akaileta, kwa mkokoteni.

Kompyuta zilipokuja, mzee alisema ni taipureta zinazoficha makosa. Alikataa kuzigusa kwa muda, kisha akanunua moja mbovu akaiharibu zaidi, ndipo tukajifunza. Alipochoka akarudi kwao kupumzika, akaniachia benchi, brashi na ile kanuni. Nilidhani kanuni itakuwa rahisi kuifuata kwa laptopu. Mashine inabebwa mkononi, nguo zake si nyingi.

Hapo sikuwahesabu watu wetu. Mnajua wenyewe jinsi mteja wa mji huu anavyoleta laptopu kwa fundi. Kwanza anaivua. Chaja inabaki nyumbani, kipanya kinabaki nyumbani, modemu inachomolewa, hata kadi ndogo ya kumbukumbu inatolewa ubavuni na kufungwa kwenye leso. Kuna mama aliyetuletea laptopu isiyowaka baada ya kutoa diski yake na kuificha kabatini, akataka tumwambie kwa nini haiwaki. Na siwalaumu. Mjini wapo mafundi wanaopokea mashine nzima na kurudisha ganda, wanaotoa kumbukumbu nzuri na kuweka mbovu huku wakikuuliza habari za watoto. Nawachukia watu hao, na sitalainisha neno hilo kwa sababu nimestaafu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wateja wetu wameumwa sana. Tatizo ni kwamba ugonjwa nao mara nyingi hubaki kabatini.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Tabitha wa Molo. Brayo, wewe ulikuwepo, lakini ulikuwepo kwa sehemu.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye koti zito, kibao cha chaki kikining'inia shingoni kwa uzi. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemchukulia sauti. Madaktari waliokoa uhai, sauti ikaenda. Tangu hapo alizungumza kwa laptopu. Anaandika, mashine inasoma kwa sauti ya mwanamke, na ile mashine ilijua Kiswahili sanifu kuliko sisi sote pale dukani. Aliandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Mimi niliyewahi kuwa mpiga chapa nilimpenda palepale.

Mashine ilipougua alirudi kwenye chaki. Aliandika kibaoni: *Ninaifunga ikiwa nzima. Nikiifungua imekufa, inaanza upya. Maneno yangu yote yamepotea.*

"Ilianza lini?" nilimuuliza. Hilo ndilo swali la kwanza, na muulize mteja hivyo kabla ya kushika bisibisi.

*Iliniambia inajisasisha, nisiizime. Nilitii.*

Brayo ukacheka, naye mwalimu akacheka, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kisha akafuta kibao akaandika jambo lililotuondolea kicheko. Binti yake, Wanja, alikuwa anachumbiwa. Wageni wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kuleta mahari, siku ilikuwa imeshapangwa, na baba wa Wanja alikuwa amefariki. Mama ndiye aliyepaswa kusimama mwisho awajibu wageni na kumbariki mtoto.

*La sivyo shemeji yangu atasema kwa niaba yangu,* aliandika. *Hajawahi kusema nilichotaka kusema hata mara moja.*

Brayo ulimpa shauri ambalo lilionekana zuri. "Mwalimu, si urekodi tu speech kwa simu? Siku ikifika una-play, stori imeisha."

Aliandika pole pole, mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama: *Salamu unaweza kurekodi. Jibu huwezi. Sijui watasema nini.*

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Sherehe kama hiyo huchukua mchana kutwa, betri yake ilikuwa imezeeka, ilimbidi aifunge mashine maneno yakiwa humo na kuifungua akiitwa. Ikifia usingizini, angesimama mbele ya ukoo mzima akitazama kioo kinachoanza upya, na shemeji angekuwa ameshasafisha koo.

Kwa ajili ya wale watakaokuja baada yenu, nieleze kulala kwa mashine ni nini, kwa kuwa watu hudhani ni kuzima. Si kuzima. Mashine inaviambia vifaa vyake vyote vipumzike, kimoja baada ya kingine, huku yenyewe ikishikilia kazi yako kichwani. Kila kifaa kina draiva yake, programu ndogo inayokitafsiria amri. Draiva moja ikiwa haielewi neno "lala", mashine inaingoja, inaingoja, halafu inaanguka, na ilichokuwa imeshika chote kinamwagika. Sasisho nalo huja na draiva mpya kwa wema wote, kama mgeni anayekupangia upya jikoni.

Brayo ulifungua kumbukumbu za matukio ndani ya mashine. Zilisema kuna kifaa kilichokataa kulala. Hazikusema ni kipi, maana zina tabia ya kuona mwizi na kutomkumbuka sura. Ukashuku wale wanaoshukiwa kila mara, draiva ya kioo na ya mtandao wa hewani, ukazirudisha za zamani. Ukailaza mashine, ikaamka. Ukailaza tena ukaenda kula, ukarudi, ikaamka. Nilimuuliza mwalimu kama anaitumia na kitu kingine chochote, akaandika *Peke yake.* Akaondoka nayo.

Wiki iliyofuata alirudi. Imekufa kama kawaida.

"Mathe, hii mashine inanichezea," Brayo ulisema. "Hapa iko fiti kabisa. Nimeilaza mpaka nimechoka mimi. Ama ni baridi ya Molo?"

"Baridi ya Molo inaumiza viazi na wewe," nilikuambia. "Mashine inaipenda."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono juu ya koti. Alikuwa haandiki kitu, na kwa mtu ambaye chaki ndiyo sauti yake, huko ndiko kunyamaza kwenyewe. Niliogopa kwa ajili yake. Siku ya wageni ilikuwa inakuja, na sisi tulikuwa tunamrudishia mashine tukisema ni nzima, kama daktari anayemwambia mtu mwenye homa kwamba kipimo hakioni kitu.

Nilimwomba aandike chochote kwenye laptopu. Akaandika, mashine ikasema: "Habari za asubuhi, fundi." Niliisikia kwa sababu nilikuwa nimeinama. Mteja aliyekuwa kaunta hakuisikia. Spika za laptopu ile zilikuwa dhaifu, sauti inatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Ndipo nikajiuliza swali ambalo Mzee Ogola angeliuliza mapema zaidi, na kwa matusi. Mtu aliyepanga kusema na watu waliojaa hema atasema kwa sauti hii?

"Mwalimu," nilisema, "hemani watakusikiaje?"

Akatazama mlangoni. Akachukua kitambaa akafuta kibao, ingawa hakikuwa na neno.

Sikumuuliza tena. Mtu mzima humwachi uchi mbele ya vijana. Nilimwambia tu, "Kesho nitakuja kwako, unipikie chai," na akaitikia kwa kichwa.

Nilipanda Molo na begi langu. Nyumba yake ilikuwa safi, moto wa jiko umewashwa, na kila kitu kimevalishwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, televisheni, hata mtungi wa maji. Laptopu ilikuwa kwenye meza kando ya dirisha. Pembeni yake, juu ya kitambaa chake cheupe chenye maua, palikuwa na spika, ndogo lakini nene, waya wake umechomekwa ubavuni mwa mashine.

Tulitazamana. Akaandika kwa haraka, chaki ikikwaruza: *Shemeji alisema nisiipeleke mjini. Alisema mafundi wataibadilisha. Ni Wanja aliyeninunulia.*

Niliona aibu usoni mwake, na aibu hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya wale wanaofanya kazi yetu vibaya. Nikamwambia shemeji hakukosea kuogopa, ila safari hii tumuonyeshe hofu yake imetupeleka wapi.

Nikaandika maneno mawili kwenye mashine, nikaifunga. Tukanywa chai. Alinionyesha picha ya Wanja akiwa na meno mawili ya mbele hayapo. Nilipoifungua laptopu, kioo kilikuwa cheusi, kisha ikaanza upya kama mtoto aliyeamshwa vibaya. Nikachomoa spika, nikaandika tena, nikafunga. Tukala viazi. Nikafungua, na maneno yangu yalikuwa pale pale. Nikachomeka spika mara nyingine, kwa sababu jambo lililotokea mara moja ni uvumi. Ikafa.

Sasisho lilikuwa limeleta draiva mpya ya ile spika, na draiva hiyo haikujua kulala. Chombo kilichompa mwalimu sauti ndicho kilichokuwa kikiinyamazisha mashine. Nilimweleza hivyo, taratibu, naye akachukua chaki. Kisha akaandika kibaoni, akapiga mstari chini yake: *Kikulacho ki nguoni mwako.* Na mabega yakaanza kutikisika.

Dawa yenyewe haikuwa ndefu, muisikie. Niliondoa draiva mpya, nikarudisha ya zamani, nikaizuia mashine isije ikaleta ile mpya tena siku itakapojisasisha. Msisahau hilo la mwisho. Fundi anayerudisha draiva bila kuzuia sasisho anafagia huku mlango uko wazi na upepo unavuma. Kisha nikailaza na spika yake ikiwa imechomekwa, nikaiacha hivyo, nikamsaidia kuandaa chakula cha mchana. Ikaamka. Nikailaza tena tukala. Ikaamka. Kabla sijaondoka aliandika jambo, na spika ikasema kwa sauti iliyojaza chumba kizima, "Ahsante, fundi. Sasa nenda kabla mvua haijanyesha."

Siku chache kabla ya sherehe alishuka mjini tena, kwa hiari yake, ili tuichunguze mara ya mwisho. Alikuja na kiondo kikubwa. Akatoa laptopu, akatoa chaja, akatoa kipanya, akatoa spika, na mwisho akatoa kile kitambaa cha maua akakitandika chini yake. Akaweka vyote kaunta, akaandika *Ninakwenda sokoni,* akatoka bila kugeuka nyuma. Brayo ulinitazama, nami nikajifanya natafuta brashi. Nimepewa sifa kadha wa kadha katika kazi hii, lakini ule mgongo wa mwalimu ukitoka mlangoni ndio ninaoukumbuka.

Alinialika. Nilikwenda, na chaja ya akiba mkobani. Hema lilikuwa limejaa, lori la viazi la jirani limeegeshwa kando kukinga upepo. Wanja na wenzake walikuwa wamejifunika leso wote sawasawa, kama ilivyo desturi, kijana ameshamtambua wake kati yao bila kubahatisha, watu wamepiga vigelegele. Mwalimu Tabitha aliketi meza ya mbele, laptopu imefungwa mbele yake, spika kando, kibao hana. Alikuwa amekiacha nyumbani. Nilipoona shingo haina uzi, nilipapasa chaja mkobani. Nilikuwa na imani na kazi yangu, lakini imani haikunizuia kusimama. Viti vilikuwepo, nikabaki nyuma nimeshika nguzo ya hema.

Msemaji wa wageni alisema kwa madaha. Alisema walipita njia hii wakaona ua zuri sana, wakauliza ni la shamba gani, wakaambiwa ni la hapa, ndiyo maana wamekuja ukoo mzima kuomba ua moja. Watu wakacheka. Mwalimu akafungua mashine akaandika, vidole vikikimbia, kisha akaifunga kulinda betri. Wazee wa upande wake nao wakasema yao, wakajibizana, chakula kikaliwa. Mchana ukasonga, na laptopu imelala.

Mwishowe akaitwa mama wa binti. Akasimama. Akainua kifuniko.

Kioo kilikuwa cheusi. Mtoto mmoja akalia akanyamazishwa. Shemeji yake, mzee mwenye suti ya kijivu aliyekuwa ameketi kulia kwake, akakohoa, akafunga kifungo cha koti na kuanza kuinuka. Mimi niliikaza ile nguzo mpaka hema likatikisika.

Ndipo kioo kikawaka, vidole vyake vikakimbia, na spika ikasema, wazi, mpaka kwa waliokuwa jikoni:

"Fundi aliyesimama kule nyuma na akae chini. Nimeamka."

Hema zima liligeuka kunitazama, wengi wao bila kujua wanacheka nini. Shemeji naye akaketi. Sauti ikaendelea, ile sauti ya Kiswahili sanifu, na mwalimu amesimama wima kando yake, anawatazama wageni machoni.

"Wageni wetu, mmesema mmeona ua. Ua hukatwa likawekwa mezani. Mimi nililea mtu. Anaitwa Wanja. Asubuhi ana hasira, jioni ana huruma, na nilipopoteza sauti alininunulia nyingine. Mkimpenda asubuhi na jioni, baraka yangu ni yenu."

Wanja alifunika uso kwa leso. Nami nikavuta kiti, nikakaa.